Taarifa kwa Mwenye Gati

Shikamoo, Bwana Mwaipasi.
Uliuliza kwa simu, salio likakata,
kwa hiyo nakuandikia: bata wapo.

Wapo arobaini na mmoja. Nimewahesabu alfajiri,
milima ya Ukinga ingali imejifunika blanketi,
wamejipanga kwenye gati lako jipya
kama wastaafu wanaosubiri pensheni,
na kila mmoja ameshatia saini
kwa wino wa kijani.

Nafagia. Ndoo kumi na mbili kabla ya chai.
Mbao za Mufindi, ulizozileta kwa fuso,
zimejaa madoa kama ramani ya nchi nisizozijua.
Mgeni wa Jumamosi, mwalimu kutoka Tunduma,
aliteleza na kikombe mkononi.
Kikombe kilipona.
Mwalimu alilipa, akaondoka bila kuaga.

Na lile bango lako pale barabarani,
NJOO MATEMA, ULE BATA,
nadhani wamelisoma nusu.
Wamekuja, wanakula.

Nilianza na kaseti za kwaya za marehemu baba.
Nikavuta tepe zake toka fito hadi fito,
zikapepea, zikamemetuka juani.
Siku mbili bata wakakaa mbali, kimya,
kama wanaotafuta sauti ya pili.
Siku ya tatu akaja jike mmoja
na utepe shingoni, bibi harusi,
na wengine nyuma yake wakipiga vigelegele.

Ambakisye akachonga mamba wa gogo,
meno ya kopo la maziwa, macho ya vizibo vya soda.
Watoto wa Lyulilo walikimbia.
Bata walipanda mgongoni wakalala.

Kisha ukamtuma mbwa kutoka Tukuyu, Kamanda.
Bwana, Kamanda amekulia kwenye mvua
lakini ziwa halitaki hata kulitazama.
Anasimama mchangani, anabweka akigeukia milimani.
Jioni anakula sahani moja na adui,
na wao ndio wanaotangulia.

Aliyenisaidia ni Tusekile, muuza vyungu wa Ikombe.
Alishusha mzigo wake, akacheka mpaka akakaa chini.
"Bata ni mvivu," akasema. "Ana mbawa
lakini nchi kavu anaingia kwa miguu.
Mzibie miguu."
Akanipimia kwa chungu: usawa wa shingo yake,
hapo ndipo uzi upite.

Nikafunga uzi wa nyavu, vigingi thelathini,
ufuko mzima, na kuzunguka gati.
Wa kwanza kunaswa nilikuwa mimi, na ndoo.
Wa pili, mchungaji.
Bata walifika, wakagusa kwa kifua,
wakasimama wakitazamana
kama watu waliokuta ofisi imefungwa,
wakageuka. Wamehamia mto Lufilyo, nasikia,
kwenye mpunga wa watu. Hilo si la taarifa hii.

Siku nne sasa mbao ni kavu.
Mgeni anaweza kulaza shavu.
Nimekunywa chai ikiwa ya moto,
na ziwa lilikuwa kubwa kuliko nilivyolizoea,
nikajikuta nahesabu mawimbi,
nafika arobaini, narudia.

Hesabu ya leo: bata, hakuna.

Ule mtumbwi wa zamani uliopinduliwa
ndani ya uzi, karibu na jiko, usiuuze kwanza.
Una tundu. Nitauziba mwenyewe, polepole,
nadhani itachukua siku ishirini na nane.
Na wageni wasikalie pale. Kuna siafu.

Mahitaji ya mwezi:
ufagio mmoja (wa zamani umebaki mpini),
uzi wa nyavu mita ishirini,
sabuni ya mche,
pumba, debe moja.

Pumba ni za mbwa.

Wako,
Gwantwa